Jina Moja Halisimami Peke Yake: Kitabu cha Ubatizo na Kompyuta



Katika likizo ndefu iliyopita paroko wangu alinipa kazi ya ofisini. Parokia yetu ina vitabu vya ubatizo vilivyoanzishwa na wamisionari, na vile vya mwanzo vimeanza kuliwa na wadudu pembeni. Mtu akija kuomba cheti cha ubatizo na hakumbuki mwaka aliobatizwa, katibu hufunua kurasa asubuhi nzima. Paroko akaniambia, "Frateri, wewe ulisoma kompyuta kabla ya kuingia malezi. Tutengenezee kitu cha kutafutia majina." Vitabu vyenyewe vingebaki kabatini, maana Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kompyuta ingekuwa msaada tu, nayo ingekaa ofisini chini ya ufunguo, kwa kuwa mambo ya vitabu hivyo ni siri za watu.

Nilitumia Django, kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python. Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2005, na jina lake ni la mpiga gita Django Reinhardt. Nilidhani nitaandika programu kwa majuma mawili na kisha nirudi kusoma Metafizikia. Ikawa kwamba Metafizikia yenyewe nilikutana nayo pale ofisini, kwa sababu sehemu ngumu ya kazi ile haikuwa majina. Ilikuwa mahusiano.

Mtu na Ubatizo

Katika Django, kila aina ya kitu unachotaka kukihifadhi unaieleza kwa modeli, na kila modeli huwa jedwali moja katika kanzidata. Nilianza na modeli mbili: Mtu na Ubatizo. Mtu ana jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Ubatizo una tarehe na mahali. Ukiishia hapo una orodha mbili zisizojuana.

Sasa fungua Kanuni ya 877 uone kinachotakiwa kuandikwa: jina la mbatizwa, la mhudumu, ya wazazi, ya wasimamizi, ya mashahidi kama wapo, pamoja na mahali na tarehe. Ukiondoa mahali na tarehe, yote yaliyobaki ni watu. Kumbukumbu ya ubatizo ni fundo la watu waliofungwa pamoja siku moja.

Njia ya haraka ni kuandika "Petro" kwenye nafasi ya baba na kuendelea. Lakini parokia yetu ina akina Petro wangapi? Neno "Petro" halimwelekei yeyote. Ndiyo maana kanzidata hutumia kinachoitwa ufunguo wa kigeni. Kila mstari wa jedwali la Mtu una namba yake ya pekee, na katika jedwali la Ubatizo tunaandika namba hiyo badala ya jina. Mambo haya yanatokana na makala ya mwaka 1970 ya Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM huko Marekani. Kwa Codd hata jedwali lenyewe ni uhusiano kwa maana ya kihisabati, yaani kundi la mistari ambamo thamani hizi na hizi zimekwenda pamoja.

Tulikubaliana na katibu na katekista kwamba hatutaunganisha namba mpaka tuwe na hakika. Kama hatujui Petro huyu ni yupi, tunafungua mstari mpya na kuweka alama. Afadhali akina Petro wawili ambao huenda ni mmoja, kuliko Petro mmoja aliyebebeshwa watoto wa mwenzake.

Aina ya uhusiano huamuliwa na ukweli wenyewe

Django ina mahusiano ya aina tatu. Nilidhani kuchagua ni suala la ufundi, kumbe kila nilipochagua ilinibidi kuuliza Kanisa linafundisha nini.

Aina ya kwanza ni moja kwa moja: mstari mmoja huku kwa mstari mmoja kule. Hiyo niliitumia kati ya mbatizwa na ubatizo wake, kwa sababu Ubatizo hupokelewa mara moja tu wala haurudiwi. Katibu akijaribu kumwandikia mtu yuleyule ubatizo wa pili, mashine inakataa.

Aina ya pili ni wengi kwa mmoja, na hii ndiyo kazi ya ufunguo wa kigeni. Mtu ni wa jumuiya ndogondogo moja, lakini jumuiya ina watu wengi. Mume katika kumbukumbu ya ndoa niliwekea aina hii pia. Ningeweka moja kwa moja, mashine ingemkatalia mjane aliyefiwa na mkewe kufunga ndoa nyingine, jambo ambalo Kanisa halimkatalii.

Aina ya tatu ni wengi kwa wengi, kama waumini na vyama vya kitume. Mama mmoja anaweza kuwa WAWATA na pia kwaya, na kila chama kina wanachama kadhaa. Hapa Django hutengeneza kimyakimya jedwali la tatu katikati, ambalo kila mstari wake una namba mbili: huyu na chama kile. Unaweza pia kulitengeneza mwenyewe na kuliongezea mambo, kwa mfano tarehe ya kujiunga. Tarehe hiyo si sifa ya mama yule wala ya kwaya. Ni sifa ya uhusiano wao, nayo haina mahali pengine pa kukaa.

Kuhusu wasimamizi wa ubatizo nilikwenda Kanuni ya 873: awe msimamizi mmoja wa kiume au wa kike, au wawe wawili, mmoja wa kila jinsia. Basi niliweka nafasi mbili, baba wa ubatizo na mama wa ubatizo, na mojawapo inaweza kuachwa wazi.

Hapo Django ikanikatalia. Ubatizo sasa ulikuwa na nyuzi kadhaa zinazokwenda kwenye jedwali lilelile la Mtu: mama mzazi, baba mzazi, mama wa ubatizo, baba wa ubatizo. Ukimsimamia Mtu na kumuuliza, "Nionyeshe ubatizo unaokuhusu," anajibu upi? Ule aliozalia au ule aliosimamia? Mashine haiendelei mpaka kila uzi upewe jina lake la kurudia. Sisi Waswahili jambo hilo tunalijua bila kompyuta. Mwanamke mmoja anaitwa mama, shangazi, mkwe na somo, na kila jina linatoka kwa mtu mwingine anayemwita.

Uhusiano umeandikwa upande gani?

Aristoteli aliuhesabu uhusiano miongoni mwa makundi yake kumi ya namna za kuwapo, na katika Metafizikia aliuona kuwa ndio wenye uwepo mdogo kuliko yote. Weupe umo katika ukuta. Lakini "kuwa upande wa kulia wa" uko wapi hasa?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 13, anatoa mfano wa nguzo na mnyama. Nguzo husemwa iko kulia kwa sababu tu mnyama amekaa upande fulani. Mnyama ana kulia na kushoto kwake. Nguzo haina. Kwa hiyo uhusiano huo ni halisi upande wa mnyama, na kwa upande wa nguzo ni wa akili tu.

Nilikuwa nimelisoma hilo darasani na kulijibia mtihani. Lakini nilipofungua majedwali yangu niliona kitu kinachofanana nalo kabisa. Ufunguo wa kigeni huandikwa upande mmoja tu. Katika mstari wa Ubatizo kuna namba ya msimamizi. Katika mstari wa msimamizi hakuna chochote. Ukiusoma mstari wake peke yake hutajua kama aliwahi kumsimamia mtu maishani mwake. Ili umjue ni lazima uwaulize watoto.

Baba yangu wa ubatizo alikuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi, naye ni marehemu. Katika jedwali la Mtu mstari wake ni mfupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji. Jioni moja, kazi ilipokuwa imekaribia kuisha, niliuliza kanzidata kinyumenyume: ni ubatizo upi una namba ya mzee huyu kwenye nafasi ya baba wa ubatizo? Ikanitolea majina 37. Nilijua mimi ni mtoto wake wa ubatizo. Sikujua nina ndugu 36. Paroko akaniruhusu kumpelekea mjane wake majina hayo. Aliyasikiliza yote nikimsomea, na wengi aliwataja kwa majina ya utani kabla sijafika kwenye ukoo. Kisha akasema, "Na wote walikula hapa."

Kumbe hata Kanisa lilipoamuru vitabu hivi liliwaza mahusiano. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwataka maparoko waandike kitabuni majina ya wasimamizi, kwa sababu usimamizi ulizaa undugu wa kiroho uliozuia ndoa. Zuio hilo halimo tena katika Kodeksi ya 1983. Limeondoka zuio, undugu umebaki, ingawa wengi wetu tunaukumbuka siku ya sherehe tu. Wahenga walisema undugu ni kufaana.

Nafasi iliyo tupu

Hapa nafika mahali ambapo kazi ile iliacha kuwa ya ofisi.

Ukiongeza uhusiano katika Django bila kusema zaidi, Django huuchukulia kuwa ni wa lazima. Na ukiuongeza kwenye jedwali ambalo tayari lina mistari, inasimama na kukuuliza: mistari hii iliyopo niijazie nini? Inakupa njia mbili tu. Ama utaje thamani moja ya kujazia mistari yote ya zamani, ama uache, urudi kurekebisha modeli yako. Tulikuwa tumeshaingiza kitabu kizima cha ubatizo, na sasa nilikuwa naongeza nafasi ya baba mzazi. Ningeandika "1" na kubonyeza, kila mtoto ambaye baba yake hajaunganishwa angepewa mtu wa kwanza katika jedwali kuwa baba yake. Kanzidata ingeridhika kabisa. Hakuna nafasi tupu, hakuna kosa la kimfumo, na ukweli haumo.

Njia nyingine ni kuruhusu nafasi iwe tupu. Kijana mmoja anayesaidia ofisini alipinga. Alisema kila mtoto ana baba, kwa hiyo nafasi iwe ya lazima, na kama hatumjui tuandike "hajulikani". Kwa sura, hoja yake ni nzuri. Hakuna mwanadamu aliyezaliwa bila baba, isipokuwa Mmoja.

Lakini kitabu cha mwaka niliobatizwa mimi nakijua. Katika ukurasa wangu, mahali pa baba pana kistari kifupi cha wino. Nililelewa na mama peke yake. Kistari kile nimekibeba kwenye kila cheti: cha Komunyo ya Kwanza, cha Kipaimara, na kile nilichopeleka nilipoomba kuingia seminari. Kwa Kodeksi ya 1917 mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na kizuizi cha kupokea Daraja Takatifu mpaka apewe ruhusa ya pekee. Kodeksi ya 1983 haina kizuizi hicho. Hata hivyo, makatibu wanaosoma kistari kwa sauti mbele ya foleni bado wapo.

Nilimweleza mama kazi ninayofanya. Yeye hajui kompyuta, lakini alisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, hapo penye baba yako kompyuta itaandika nini?"

"Patakuwa patupu, mama."

"Paache patupu. Usiandike hajulikani. Mimi namjua."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya tofauti kati ya kitu kilivyo na kitu kinavyojulikana. Sijapata mwalimu aliyeieleza kwa maneno machache kama hayo. Nafasi tupu katika kanzidata haisemi kwamba baba hayupo. Haisemi hata kwamba hajulikani. Inasema kwamba kitabu hiki hakina la kusema. "Hajulikani" ni dai, na dai linaweza kuwa la uongo. Tena linamhukumu mwanamke kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Na Kanuni ya 877 iko upande wa mama. Inasema jina la baba wa mtoto wa mama asiyeolewa liandikwe pale ubaba unapothibitishwa kwa hati ya serikali, au kwa tamko lake mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Vinginevyo liandikwe jina la mbatizwa bila kumtaja baba. Sheria haimtaki katibu abuni wala ahukumu. Inamtaka anyamaze.

Paroko alipolisikia hilo alikata shauri mara moja. Nafasi ya baba ikaruhusiwa kuwa tupu. Tena niliongeza jambo dogo: cheti kinapochapishwa na baba hayumo, neno "Baba" lenyewe halitokei. Hakuna kistari, hakuna nukta nukta za kujaziwa. Ni mistari miwili tu ya programu, nami nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu kuliko mistari mingine yote niliyoandika likizo ile.

Kufa si kufutwa

Lilibaki swali la mwisho ambalo Django humuuliza kila anayeongeza ufunguo wa kigeni: yule anayeelekezwa akifutwa, huyu anayeelekeza afanywe nini? Zamani, usiposema, Django iliamua yenyewe, na uamuzi wake ulikuwa kufuta vyote. Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017 ni lazima useme mwenyewe. Majibu yanayotumika zaidi ni matatu. CASCADE ni kwamba mmoja akifutwa wote waliomtegemea wafutwe naye. SET_NULL ni kwamba wabaki, ila nafasi yake iwe tupu. PROTECT ni kwamba asifutwe kabisa maadamu yuko anayemtegemea.

Fikiri juu ya yule mzee katekista. Katibu mpya, kwa nia njema, anaamua kusafisha orodha kwa kuwaondoa waliofariki. Kwa CASCADE, kumfuta mzee kungefuta ubatizo wa watu 37, na wangu mmojawapo. Kwa SET_NULL tungebaki tumebatizwa, lakini tusingejua nani alituwekea mkono begani siku ile. Niliweka PROTECT kila mahali. Katibu akijaribu, mashine inamjibu kwamba mtu huyu hawezi kuondolewa kwa sababu wapo wanaosimama juu yake. Mzee alipofariki tuliongeza tarehe ya kifo, hatukuondoa jina.

Sitaki kusema kwamba kanzidata ni mfano wa Ushirika wa Watakatifu. Mfano huo ungevunjika upesi. Mashine haimjui yeyote kati yetu, na uhusiano wake wote ni namba kando ya namba. Mtakatifu Thomas naye, akifika kwenye Utatu Mtakatifu, anageuza meza yote: kile ambacho kwa viumbe ni chepesi kuliko vyote, kwa Mungu ndicho Nafsi zenyewe. Baba ni Baba kwa kuwa na Mwana. Hapo jedwali langu linakaa kimya, na ni vizuri likae kimya.

Lakini kazi ile iliniachia mambo mawili, nami nawaachia ninyi. La kwanza ni kwa wanandoa na maparoko. Kanuni ya 1122 inataka ndoa iliyofungwa mbali iarifiwe kwenye parokia ya ubatizo na kuandikwa kando ya jina la mbatizwa. Katika vitabu vyetu kando hizo ziko wazi kwa watu wengi ambao tunajua wameoa na kuolewa mijini. Mkienda nyumbani likizo hii, ulizeni kama taarifa yenu ilifika. La pili ni kwa sisi sote tuliosimamiwa. Uhusiano ule umeandikwa upande wetu, si upande wao. Mzee wako wa ubatizo, kama bado yupo, hana mstari wowote unaosema wewe ni wake. Wewe ndiwe uliyebeba namba yake. Basi nenda ukamsalimie.